Kache na Sura ya Asubuhi ya Arobaini

Wekeni chini mbuzi zenu za kukunia nazi, enyi wake wa Barani, nanyi waume zimeni redio, mpate kusikia habari za vita vilivyopiganwa Malindi mwaka wa themanini na nne, juu ya mkeka mmoja, kabla chai haijachemka. Silaha ilikuwa Kitabu. Shujaa alikuwa Kache, mshinda usingizi, aliyejifunza herufi jioni kwa taa ya chemni huku akinyonyesha, na ambaye hata siku ile hakuweza kusoma kimyakimya, kwani maneno yalikataa kumwingia kichwani pasipo kwanza kupita mdomoni.

Akina mama wa kanisa walikuwa wametoa kadi yenye vyumba arobaini. Kila alfajiri sura moja, isomwe kwa sauti mbele ya shahidi, pasipo kurukwa neno; kisha tafakari, kisha sala, ndipo shahidi atie alama. Atakayevijaza vyote atasimama Jumapili mbele ya kanisa zima asome somo. Hakuna mwanafunzi wa ngumbaru aliyewahi kusimama pale. Kache alikwisha jaza thelathini na tisa, kimoja akitetemeka kwa malaria, kingine paa likimvujia kisogoni, na kila usiku alimnong'oneza binti yake Kahonzi, wa miezi saba, "Jumapili utamwona mamako."

Shahidi alikuwa wifi yake Monicah, mwenye kalamu ya wino na moyo wa karani wa forodha.

Basi asubuhi ya arobaini adui akawasili. Hakuja na mkuki. Alikuja na baiskeli kutoka Sabaki, kafunga mihogo nyuma, akikohoa mlangoni kwa adabu zote: babamkwe, babake Monicah.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Someni, someni. Nami nisikie." Akavuta kigoda akaketi.

Kache akafungua sura ya siku ile. Ilikuwa habari ya mji wenye kuta ndefu na jemadari aliyeuzunguka na majeshi yake. Na jina la jemadari ndilo lile lile alilopewa babamkwe Pasaka iliyopita, alipobatizwa na mvi zake. Nanyi mwaijua mila: mke hamtaji babamkwe kwa jina, hata nyumba ikishika moto. Wala katika masimulizi haya halitatajwa.

Akaanza kwa ujasiri, akafika penye jina, akasita, akasema, "Baba akawaita makuhani..."

"Hapo hapakuandikwa Baba," akanena Monicah, ncha ya kalamu ikiwa juu ya mstari.

"Wifi, nawe wamjua ni nani."

"Namjua sana, ndiye aliyenizaa. Lakini kadi ni kadi. Ukiruka neno, chumba hiki nakiacha cheupe kama jino la mtoto."

Zikamjia Kache zile alfajiri thelathini na tisa, akamtazama Kahonzi aliyekuwa akitafuna ukingo wa mkeka. Akilitaja jina, amevunja heshima ya nyumba. Akiliruka, Jumapili atakaa benchi la nyuma kama zamani.

"Mbona kimya?" akauliza mzee. "Huyo jemadari hana jina?"

Kache akainamisha uso. "Analo, baba. Ni lako."

"Langu? Limo humo?"

"Limo, baba. Tena mara nyingi."

"Lo! Na yule katekista alinipa tu, nikadhani ni la mjomba wake!"

Hapo Kache akapiga magoti, akanena kwa sauti ya mjumbe aletaye masharti ya amani: "Baba, sura hii nitaibeba yote, mazito yake na mepesi yake, isipokuwa neno moja lililo juu ya nguvu za mkazamwana wako. Nikilifikia, nitainua kidole. Tafadhali, lisome wewe."

Mzee, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kusoma hata herufi, akapangusa midomo, akajiweka sawa.

Kidole kikapanda. Akalitamka kwa sauti ndogo, kama mtu aitwaye kwenye baraza la chifu. Mara ya tatu akasimama. Mara ya sita lilisikika hadi kisimani. Na majeshi yalipopiga ukelele na kuta kuanguka, alilingurumisha hata donge la udongo likadondoka ukutani, na Bi Zuleikha wa nyumba ya pili akaita, "Jirani! Kama ni mwizi semeni, nije na mchi!"

"Haihesabiki," akasema Monicah. "Jina hakulisoma yeye."

"Kadi yasema sura isomwe na nani?" akauliza mzee.

Monicah akaigeuza mbele na nyuma. "Yasema... isomwe kwa sauti."

"Sauti hukuisikia?"

Ikabaki tafakari. "Nimetafakari," akasema Kache taratibu, "kwamba watu wale waliambiwa wauzunguke mji siku zile zote bila kusema neno. Naona kwa watu wengine hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko kuta." Wala hakumtazama wifi yake.

Kisha akafumba macho. "Bwana, asante kwa neno lako. Umbariki huyu aliyenisaidia kusoma leo. Jina lake wewe walijua."

"Amina!" akapaza mzee.

Na kalamu ikashuka. Alama ndogo, ya wino wa buluu, iliyopinda kidogo kwa kinyongo. Enyi watu wa Malindi, miji mingi imetekwa kwa makelele makubwa zaidi. Lakini chumba cha arobaini kilitekwa siku ile, na Kache akaenda kuipua chai akitembea kama mtu ambaye Jumapili imekwisha fika.