Mwenyekiti wa Mfuko wa Karo

Jumatatu, Machi 2
Vita vimeanza. Gavana bado hajaliingiza jimbo letu kwenye mpango wa karo. Mpango wenyewe rahisi: unachangia mfuko wa kusomesha watoto, serikali kuu inakupunguzia kodi kiasi hichohicho. Lakini gavana asiposaini, sisi ni watazamaji tu. Na mjukuu wangu Nadine ataondolewa shule ya Mtakatifu Ludmila, maana baba yake kapunguzwa kazi kiwandani. Labda nife kwanza! Mimi ni Leland Kuzelka, bingwa wa mahindi wa wilaya mara mbili. Gavana ni nani?

Jumatano, Machi 4
Parokia inaunda mfuko wake. Padri Wenzel anamtaka Delbert Hruza awe mwenyekiti. Delbert! Mtu anayeomba radhi kwa ng'ombe wake! Eti ana utulivu. Hata jiwe limetulia. Nimemtangazia mke wangu kwamba kiti ni changu. Rosalie akaniuliza, si nilikuwa namtafutia Nadine karo, sasa kiti cha nini? Maskini, haelewi uongozi.

Ijumaa, Machi 6
Mlo wa samaki wa Kwaresima, ukumbi wa parokia. Nikajitolea kukaanga. Mkakati: minofu minono kwa wapiga kura, mkia kwa Delbert. Kura baada ya pai. Nimeshinda! Delbert akanishika mkono, akasema, "Hongera, bwana. Ila kanuni umezisoma?" Wivu huo! Kanuni ni za watu wasiojiamini.

Alhamisi, Machi 12
Siku kuu ya maisha yangu, ukiacha harusi. Labda hata harusi. Basi zima tulikwenda ikulu ya jimbo. Gavana amesaini! Kama ilivyo desturi, husaini kwa kalamu nyingi, kisha huzigawa. Nilipenya kwa kiwiko mpaka nyuma yake. Nimepata moja! Delbert kakosa. Pichani mimi niko katikati, yeye ni sikio tu. Nadine akanirukia shingoni: "Babu, wewe kiboko!" Nikalia mbele ya watu, wala sikuona haya.

Jumatatu, Machi 16
Kikao cha kwanza. Nikafungua kwa hotuba, kalamu mfukoni ionekane. Kisha Padri akasoma kanuni. Mfuko haumlipii karo mtoto wala mjukuu wa kiongozi wake. Nikamwomba arudie. Akarudia. Loo! Akasema ndiyo maana alimtaka Delbert: hana mtoto, hana mjukuu. Delbert akawa anatazama viatu vyake, asinicheke hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nyumbani Rosalie akaniuliza, "Ulidhani unashindana na Delbert, mume wangu? Ulikuwa unashindana na Nadine."

Jumanne, Machi 17
Nimejiuzulu bila kusita. Haya, nilisita kidogo. Delbert kakalia kiti, na Nadine sasa ataomba karo kama watoto wengine. Watu ukumbini wakanipigia makofi, wengine wakasimama. Unyenyekevu kama wangu hauonekani kila siku katika parokia hii! Kisha Delbert akasema mfuko bado unatafuta mweka hazina, naye pia ni kiongozi, kwa hiyo kanuni ni ileile. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Rosalie, aliyekaa kando yangu, akaushusha. Nikainua wa kushoto.