Kinasa Sauti Ndani ya Kiondo

Jumamosi, 3 Agosti 1974

Baridi. Manyunyu. Mlima haujaonekana tangu Jumatano. Shule zimefungwa, na mimi leo nimefanya biashara bora kuliko zote za maisha yangu.

Kefa Wandera, bwana shamba anayepanga chumba kinachopakana na changu hapa Ruring'u, amehamishiwa Mwea. Huko kwenye mifereji ya mpunga mtu bila baiskeli ni kama hana miguu. Mimi nina baiskeli. Yeye ana kinasa sauti cha kaseti. Tumebadilishana!

Kefa aliniuliza mara tatu kama nimefikiria vizuri. Akasema, "Sasa mwalimu, huyo msichana utambeba na nini?" Nikamwambia mapenzi hayategemei keria ya baiskeli.

Nimekiweka mezani. Nimekizunguka mara kadhaa. Ni kizito kama tofali, cheusi, na kina mshipi wa ngozi. Vitufe vitano vyeusi na kimoja chekundu. Kila kitufe kina kibonde kidogo katikati, na ncha ya kidole inatulia humo bila kutafuta. Mahali fulani, ng'ambo ya bahari, mtu asiyenijua alikaa akafikiria kidole changu. Serikali yenyewe haijawahi kunifikiria hivyo.

Jumapili, 4 Agosti

Kanisani kwa miguu. Matope hadi kwenye soksi.

Baada ya ibada Ngatia alituita kwake kutazama televisheni. Ngatia ni binamu yangu, ana duka la vyuma, na televisheni yake inaendeshwa na betri ya gari. Nakiri ni kitu cha ajabu. Lakini nimegundua jambo. Zamani viti vya nyumba ile vilitazamana. Sasa vyote vimegeukia upande mmoja, kama abiria. Mama Ngatia alimwaga chai na hakuna aliyemwona.

Ngatia alisema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba Jumamosi ijayo ndiye atakayenisemea kwa mzee Ndungu, kule Tetu, kuhusu kumwoa binti yake Wachuka. Ni kweli. Mimi mdomo wangu hukauka mbele ya wazee, na Ngatia anaweza kumshawishi jogoo atage. Lakini ananitangaza kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Asichojua ni kwamba kutakuwa na shahidi. Kaka yangu alipooa, wakwe walikubaliana naye jambo moja Jumamosi, na kufikia Jumatatu walikumbuka lingine. Mimi nitanasa kila neno. Nani atabishana na sauti yake mwenyewe?

Jumanne, 6 Agosti

Nimenunua betri sita. Nimefunga mlango. Nimebonyeza chekundu na cheusi pamoja, kama Kefa alivyonionyesha, nikasema moja, mbili, tatu. Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza.

Nilikaa kitandani. Mle ndani kulikuwa na mtu mwenye sauti nyembamba, mwenye wasiwasi, ambaye bila shaka alikuwa mimi. Miaka thelathini na mbili nimeishi naye na sikuwahi kumsikia! Mama yangu, Wangechi, amemsikia. Wanafunzi wangu wamemsikia. Mimi peke yangu nilikuwa sijui.

Nilisoma majina ya darasa la sita. Halafu, sijui ni nini kilinipata, nikaanza kumweleza Wachuka. Yeye ni opereta wa simu pale posta, Nyeri mjini. Anakaa mbele ya ubao wenye matundu, na kwa waya mkononi anaunganisha mji mzima. Nilimjua kwa sauti miezi sita kabla ya kumwona uso. Niliiambia mashine kwamba akisema "namba tafadhali" mimi nasahau namba. Kwamba mwaka jana nilipiga simu ofisi ya elimu mara nne kwa jambo la mara moja. Kwamba naogopa siku moja ataona mimi ni mtu wa chumba kimoja na maneno machache, atoe waya wake anichomoe.

Aibu tupu. Ingefaa nifute, lakini sijui kitufe cha kufutia. Basi nimegeuza kaseti. Upande wa pili ni msafi, na huo ndio wa Jumamosi.

Ijumaa, 9 Agosti

Kila Ijumaa saa kumi na moja humngoja Wachuka nje ya posta na baiskeli, nampeleka hadi njia ya Tetu. Leo nilingoja na miguu yangu.

Akauliza baiskeli iko wapi. Nikamwambia ni siri, na ni kwa faida yetu. Akauliza kama imeibwa. Nikasema imeendelea. Akasema, "Moffat, mimi naunganisha watu siku mzima na hakuna mtu ananichanganya kama wewe." Tukatembea. Viatu vyake vilikuwa vipya. Manyunyu hayakukoma.

Sikumwambia. Kesho ataona mwenyewe.

Jumamosi, 10 Agosti

Nianze mwanzo.

Tulifika kwa mzee Ndungu saa nne: mimi, Ngatia, na wazee wawili wa ukoo. Mashine ilikuwa ndani ya kiondo, chini ya majani ya chai na kitambaa cha mama. Ngatia alicheka njia nzima, mwanamume na kiondo. Nikasema ni zawadi ya Nyanya Wakonyo, mamake mzee Ndungu. Mlangoni nilitia mkono chini ya kitambaa, nikabonyeza.

Ngatia alizungumza vizuri, lazima niseme. Mzee Ndungu alipouliza kuhusu ng'ombe wa gredi wa mama yangu, yule mweusi na mweupe wa maziwa mengi, Ngatia aliinamisha kichwa. Akasema kwa huzuni kwamba yule ng'ombe alituaga mwezi wa Juni. Hata mimi nilihuzunika. Nilikuwa nimekunywa maziwa yake asubuhi.

Kisha, kama ilivyo desturi, wageni tukaomba kutoka nje tushauriane. Tukaenda nyuma ya ghala la mahindi. Na kiondo, kwa kuwa ni changu, nikakibeba.

Huko nyuma Ngatia alisema yule ng'ombe abaki amekufa mpaka mahari ikubaliwe, na kwamba pombe ya mzee Ndungu ina ladha ya maji ya kuoshea masufuria. Wakacheka. Nami, mjinga mimi, nikataka kuonekana mwanamume wa mashauri japo mara moja. Nikasema tusiwe na haraka, wao ndio wenye haraka, msichana ana miaka ishirini na saba, nani mwingine atamchukua?

Sikumaanisha. Mungu anajua. Nilitaka tu Ngatia acheke, na alicheka.

Tukarudi ndani, tukakaa. Kimya kikaingia, kile cha wazee wanapofikiri. Ndipo kaseti ikafika mwisho na kitufe kikaruka. Ta! Ndani ya kiondo.

Mzee Ndungu akauliza zawadi ya mama yake inagonga kwa nini. Ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa nimengoja wiki nzima kuonyesha, na moyo ulinipanda. Nikaitoa. Nyumba nzima ikasogea. Wanawake walitoka jikoni na unga mikononi. Nyanya Wakonyo, ambaye tulidhani amelala, akafungua macho yote mawili akasema anataka kuisikia.

Nilirudisha nyuma. Nilirudisha kidogo tu.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya Ngatia, safi, kana kwamba amesimama katikati ya nyumba, akisema ng'ombe abaki amekufa. Na nyuma yake, ghalani, hata kuku walisikika! Naandika ukweli hapa: kwa sekunde chache sikuogopa. Nilistaajabu. Kuku wale walikuwa nje wakati huohuo na walikuwa ndani.

Nikanyoosha mkono kuzima. Mzee Ndungu akaweka wake juu ya wangu, polepole, akasema tuiache imalize. Ikamaliza kuhusu pombe. Ikamaliza kuhusu miaka ishirini na saba.

Wachuka alikuwa mlangoni na birika la chai. Aliliweka chini bila kumwaga hata tone. Akaenda.

Mzee Ndungu hakupaza sauti. Alisema tumesema uongo kwake, na kwa desturi tunatozwa faini ya kondoo dume, halafu twende nyumbani, ataamua kama tutarudi. Nyanya Wakonyo akamkatiza. Akasema kondoo atamtafuna na meno gani, faini iwe lile sanduku. Nikaliacha pale. Nikabeba kiondo kitupu.

Ngatia hakusema neno hadi Ruring'u. Hilo nalo halijawahi kutokea.

Jumapili, 11 Agosti

Sikwenda kanisani. Mama alikuja na maziwa ya marehemu. Aliketi nami kidogo. Akasema kitu nilichofanya si kibaya kwa sababu kilinaswa, ni kibaya kwa sababu kilisemwa. Nikamwambia hajaielewa mashine.

Jumatano, 14 Agosti

Nimekwenda kwenye kibanda cha simu sokoni. Nikainua mkono wa simu. Akasema, "Namba tafadhali." Sauti ileile. Nikasema ni mimi. Nikasema naomba kuzungumza na Wachuka wa Ndungu, wa posta. Akasema laini hiyo ina shughuli. Nikauliza itakuwa na shughuli hadi lini. Akasema, "Ishirini na saba," akachomoa waya.

Nilibaki nimeshika kile chombo sikioni. Kimetengenezwa kwa umbo la uso wa mtu, sehemu ya sikio hapa, sehemu ya mdomo pale. Kinakukumbatia shavu hata kama aliye upande wa pili hakutaki. Nililia, naandika wazi, nililia mle kibandani, na mama mmoja wa Majengo aliyengoja zamu yake aligonga kioo akasema kama ni msiba pole, lakini yeye ana haraka.

Simtaki mwingine. Nimelijua hilo kwa uhakika leo, nikiwa na chombo kilichokufa sikioni.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimeitwa Tetu! Peke yangu. Nimekwenda kwa miguu, nimepanda mlima wote nikijipanga la kusema, na nilipofika sikukumbuka hata moja.

Nyanya Wakonyo alikuwa ameketi na mashine mapajani, kama paka. Wiki nzima hakuiachia mtu. Wachuka alikuwa kando yake, haniangalii. Alinieleza yaliyotokea, akiutazama ukuta.

Siku ya kwanza Nyanya aliimba. Akajisikiliza. Akasema hiyo ni sauti ya mama yake, imekuwa ndani yake miaka yote na hakuna aliyemwambia. Akaimba tena. Aliimba hadi kaseti ikajaa, ng'ombe wa gredi na yote yakafutika chini ya nyimbo. Ndipo akauliza kama hiki kitu hakina upande mwingine.

Waligeuza. Wakasikia moja, mbili, tatu. Wakasikia darasa la sita lote, kuanzia Gicheru hadi Wambugu. Halafu wakasikia yale mengine. Ya namba tafadhali. Ya ofisi ya elimu mara nne. Ya waya.

Sikujua niweke wapi mikono. Wachuka akasema, "Hiyo kitu inaongea vizuri kukuliko." Nikakubali. Akasema mbona hukuniambia hayo kwa mdomo. Nikasema mdomo ulikauka. Akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu birika.

Nyanya Wakonyo ndiye aliyekata kesi. Alisema, "Huyu wa upande hii tutampea msichana. Yule mwingine abaki huko nyuma ya ghala."

Nikamwomba Wachuka msamaha kwa mdomo wangu mwenyewe, bila betri. Ulitoka kidogokidogo, lakini ulitoka. Mzee Ndungu anasema turudi tarehe 31, na yule ng'ombe aliyefufuka aje pia.

Niliteremka mlima bila kuhisi miguu. Mawingu yalifunguka, na kilele kikaonekana chote, cheupe. Siwezi kueleza furaha hii. Wachuka ameomba jambo moja tu: nirudi na mdomo wangu, na pasiwe na kitu kingine kiondoni.

Jumatatu, 19 Agosti

Kiondoni hakutakuwa na kitu. Nimeahidi na nitatimiza.

Lakini kuna hatari. Nyanya Wakonyo amekwisha kujua kitufe chekundu. Wachuka anasema tarehe 31 Nyanya atakaa na mashine mapajani, na kwamba anaweza kunasa hadi nyuma ya ghala. Sasa tutashauriana wapi?

Kefa alikuja leo kuchukua mizigo yake ya mwisho, na baiskeli yangu akaiegemeza ukutani kama mgeni. Amepata huko Mwea, kwa mhandisi mmoja anayerudi kwao Ulaya, simu za upepo. Mbili! Za mkononi! Hazina waya, hazina kaseti, hazinasi kitu. Moja anabaki nayo Ngatia huko mbali kwenye migomba. Nyingine naiweka ndani ya koti langu, karibu na moyo, nasikiliza ushauri wake nikiwa nimeketi palepale mbele ya wazee. Koti si kiondo. Nimeshika moja mkononi alasiri yote. Antena inavutwa, inaingia tena, inavutwa. Mtu aliyeibuni alijua kwamba mwingine angetaka kuivuta tu, bila sababu.

Kefa hataki pesa. Kule Mwea analala sakafuni. Nimempa kitanda.

Aliniuliza mara tatu kama nimefikiria vizuri. "Mwalimu, na huyo bibi utamlaza wapi?" Nikamwambia harusi ni Desemba. Akafunga kitanda kwenye keria ya baiskeli, akacheka, akaondoka nacho.

Wachuka sijamwambia bado. Nataka ashangae. Kefa anasema zina sauti kubwa ajabu, mtu akinong'ona migombani, nyumba nzima inasikia.