Sababu ya Kurudi

Jumamosi, 2 Agosti

Fomu ya viza imefika! Kurasa kumi na moja. Mama mdogo Frida, aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza shule, atajifungua Desemba huko anakofanya kazi ya uuguzi. Amesema hataki mtoto wake azaliwe akute wageni watupu, anataka niwepo. Sijamwona kwa miaka sita. Jina la nchi siliandiki, maana kaka yangu Sila husoma daftari hili na kusimulia kijiji kizima. Theluji ipo.

Pasipoti ninayo. Barua ya mwaliko ninayo. Ruhusa ya wazazi, rahisi. Sharti la tisa ndilo limeninyima raha: mwombaji athibitishe kwamba ana sababu ya kurudi kwao. Nimelisoma mara saba. Nina miaka kumi na sita. Nina nini? Kamusi, na viatu vya shule.

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya ibada nimemuuliza Joshua wa darasani kwetu. Mwaka jana alikwenda Ulaya wiki mbili kwa mjomba wake, na tangu hapo huvaa koti la baridi hata jua la hapa kwetu Mvumi likiwa utosini. Jasho lilikuwa linamtiririka. Amenijibu mbele ya kwaya nzima, kwa jina langu la utani: "Mwanasheria, wale hawataki insha. Wanataka mali. Onyesha mali!" Kwaya imecheka. Nimeinamisha kichwa, lakini shauri nimelichukua.

Jioni Mama ameniletea barua aliyoiandika mwenyewe kwa ajili ya sharti la tisa. Nusu ukurasa, kalamu ya kijani. Anasema mimi ni kitindamimba wake, kwamba alipolazwa mwaka juzi nilikwenda wodini kila siku kumsomea, na kwamba nitarudi kwa sababu yeye yuko huku. Nimeshukuru. Barua nzuri, lakini haina mali hata moja. Wala muhuri.

Jumatano, 6 Agosti

Mali imepatikana! Zizini kwetu kuna ng'ombe kumi na mmoja. Wawili ni wa Baba. Tisa ni wa Mzee Gerson wa kijiji cha pili, rafiki yake wa miaka ishirini. Ndivyo tunavyofanya huku: mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa marafiki wamtunzie, ili ukame au maradhi yasiwamalize wote mahali pamoja. Mtunzaji hunywa maziwa, wala hatangazi kwamba si wake. Mgeni akiwasifia, unaitikia tu. Kwa hiyo sidanganyi. Naitikia tu, kwa maandishi.

Sila amenipiga picha kwa simu. Nimesimama katikati ya kundi nikiwa nimefungua kitabu, nionekane mwenye mali aliyetulia. Picha ya nne, dume limenilamba sikio. Tumechagua ya tano.

Alhamisi, 7 Agosti

Ofisi ya mtendaji wa kata. Kwa woga nimetoa shikamoo mara mbili. Bwana Yahaya, mtendaji, ameuliza ng'ombe ni wangapi. Nimesema zizini kwetu wako kumi na mmoja. Kila neno kweli! Ameandika, amegonga muhuri, kisha amesimama na kuisoma barua kwa sauti, kama anavyosoma kila barua, ili watu wa kwenye benchi washuhudie: familia ya Stanley, yaani Baba, ina ng'ombe kumi na mmoja, mali yake halali. Benchi limepiga makofi. Mama mmoja hakupiga. Nimedhani mikono inamuuma.

Muhuri ni wa bluu. Mzuri mno.

Jumatatu, 11 Agosti

Yule mama ni mke wa Mzee Gerson.

Mzee amekuja asubuhi na wanawe watatu, kila mmoja na fimbo. Hakufoka. Afadhali angefoka. Amemwambia Baba: "Stanley, ungeniomba ng'ombe ningekupa. Kwa mtendaji umefuata nini?" Baba hakuelewa. Mimi nilielewa, nikajificha nyuma ya kihenge cha mtama. Mwishowe nilitoka nikasema yote, kwa sauti ndogo hata nikaambiwa nirudie. Mzee amenitazama sana. Amesema ananisamehe, maana mimi ni mtoto na nimezidiwa na vitabu.

Ng'ombe amewachukua. Wote tisa, pamoja na yule tuliyekuwa tunamkamua. Barua yenye muhuri ameichana Baba mwenyewe. Hajala kitu leo. Uji ni wa maji.

Jumanne, 19 Agosti

Dar es Salaam na Baba. Tumekwenda ubalozini. Fomu imepokewa, alama za vidole zimechukuliwa.

Barua ya mtendaji sina, lakini picha ninayo, na picha haisemi ng'ombe ni wa nani. Nimeiambatanisha kwenye sharti la tisa. Mama alikuwa ameichomeka barua yake ndani ya bahasha. Nimeitoa kimyakimya. Sharti zito namna ile halijibiwi kwa kalamu ya kijani.

Ijumaa, 12 Septemba

Jibu: hapana.

Nimewatafsiria Baba na Mama mezani. Wanasema picha ya mifugo haina maelezo. Wanasema pia kwamba mwombaji hakuleta chochote cha kuonyesha kuwa ana mtu wa karibu nyumbani wa kumrudia. Mama ameniomba nirudie sentensi hiyo. Nimerudia. Akasema, "Lakini niliandika." Ametoka nje akaosha upya vyombo vilivyokuwa safi.

Jumapili, 14 Septemba

Mama mdogo Frida amepiga simu. Amelia kidogo, kisha akasema kabla ya Desemba kuna nafasi ya kuomba mara moja tu tena. Mama amechukua simu, wakaongea Kigogo kwa sauti ya chini. Halafu ameniuliza barua yake iko wapi. Nimemwambia iko salama. Ni kweli: ndiyo ninayowekea alama katika daftari hili. Ile kijani inaonekana upesi.

Siku mbili nimelitafakari kosa langu, na nimelipata. Ng'ombe hutembea! Mali ya kumrudisha mtu sharti iwe na mizizi. Nyuma ya shule kuna shamba la zabibu la Mzee Athuman, vichala vimejaa, naye kila Jumatano huenda kwao Kondoa. Sila amekubali kunipiga picha. Nitasimama katikati ya mistari, safari hii bila kitabu.