Ombi la Kufutwa kwa Sharti la Kukimbia

Skarsten, Minnesota
9 Februari

Mheshimiwa Sherifu wa Kaunti,

YAH: SHARTI LA NNE LA KUMPIGA MTU RISASI KIHALALI

Natumaini barua hii inakukuta mzima na ofisi yako ina joto. Mimi ni Orrin Haugstad, dereva mstaafu wa lori la gesi, na huu ni mwaka wangu wa nne kubeba bastola iliyofichwa kwa kibali chako. Sijawahi kukusumbua. Hata naibu wako alipoligonga sanduku langu la barua kwa gari la doria, nilisema ni upepo.

Leo nalalamikia sheria yenyewe. Mwalimu wetu wa kozi, Bwana Lowell Brekke, alituandikia ubaoni masharti manne. Usiwe wewe uliyeutaka ugomvi. Uwe unaogopa, kwa sababu ya msingi, kwamba sasa hivi utauawa au utaumizwa vibaya. Nguvu ndogo zaidi isiweze kukuokoa. Na usiwe na njia salama ya kuondoka. Yawe yote manne kwa pamoja, akasema. Ukiwa na matatu tu, unaenda jela. Mimi nilidhani nimenunua bastola, kumbe nimenunua mtihani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sharti la kwanza limeniharibia tabia. Zamani nilikuwa mtu wa kujibu. Sasa, kwa kuwa sitakiwi kuonekana nimeanzisha, siwezi kuanzisha chochote. Mvuvi mwenzangu Gordy Pfeil alisema mbele ya mkahawa mzima kwamba sijawahi kuvua samaki bila kuonyeshwa alipo. Nikasema inawezekana. Dukani mtu ananichukulia nafasi ya kuegesha gari, nampungia mkono. Mwezi uliopita kanisani wamenichagua kwenye kamati ya usuluhishi. Sikununua bastola ili niwe mpole.

2. Hofu yangu haitoshi mpaka ifanane na ya mtu mwenye busara. Huyo mtu sheria inamtaja kila ukurasa, lakini haisemi anaishi wapi ili nikamuulize. Halafu mali haihesabiwi. Mwanzoni mwa Januari mtu alinyanyua keekee yangu ya kutobolea barafu kwenye sleji ninayoiburuta thelujini, nikimwona, akaondoka nayo akipiga mluzi. Nikampigia simu mwalimu. Akaniambia keekee si uhai. Nikamwambia ni rahisi kwake kusema hivyo, haikuwa yake.

3. Kuhusu nguvu ndogo, nimesoma maktabani kwa wiki mbili na nimeona mtego uliopo. Ukiwa na kitu kidogo cha kujitetea, watakuuliza kwa nini hukukitumia. Kwa hiyo nimeacha kutembea na fimbo, ingawa ilikuwa fimbo nzuri. Mke wangu Ardis alininunulia kichupa cha pilipili ya kupuliza. Nimekiacha kabatini, maana kingenipotezea haki. Ardis anasema kadiri ninavyojilinda ndivyo ninavyobaki mikono mitupu. Hajasoma sheria.

4. Sasa hilo la nne. Nilipopata kibali sikuwa na wasiwasi nalo kwa sababu goti langu la kulia lilikuwa bovu. Mtu wa goti lile hana njia salama ya kuondoka hata kwenye uwanja wa mpira. Lakini msimu wa mapukutiko uliopita Ardis alinipeleka hospitali nikawekewa goti jipya, na daktari, bila kuniuliza nabeba nini kiunoni, akaandika kwenye cheti kwamba naweza kukimbia. Nilimwomba aandike "polepole". Akakataa. Kwa saini moja niliondolewa haki niliyoipata kwa miaka thelathini ya kupanda na kushuka lori.

5. Yote hayo ningeyameza. Lakini tarehe 28 Januari, saa nne asubuhi, nilikuwa peke yangu kwenye banda la chama chetu cha wavuvi, pale kando ya ziwa, nikinoa visu vya keekee mpya. Viatu nilikuwa nimevivua vikauke karibu na jiko. Mlango wa mbele ukafunguliwa kwa teke. Akaingia mtu mkubwa, koti jeusi nisilolijua, uso wote umefunikwa kofia ya sufu yenye matundu mawili ya macho, mkono mmoja una mtaimbo wa kuvunjia barafu. Nikamuuliza yeye ni nani. Akanguruma. Nikamuuliza tena. Akanguruma zaidi na kuinua mtaimbo.

Nikaishika bastola, nikaanza kuhesabu kama nilivyofundishwa. Ugomvi sikuutaka mimi. Hofu ninayo, ya kuwatosha watu wawili. Nguvu ndogo niliyokuwa nayo ni jiwe la kunolea. Nikafika la nne, nikakumbuka kwamba nyuma yangu kuna mlango, haujafungwa, na goti langu lina cheti.

Nikakimbia, Mheshimiwa. Kwa soksi, juu ya ziwa lililoganda barafu, hatua mia tatu, na yule mtu nyuma yangu akinguruma njia nzima. Nikaingia kwenye kibanda cha kuvulia cha Curt Vossen na kufunga mlango kwa mgongo. Curt, aliyekuwa humo ndani akivua, akachungulia dirishani.

"Mzee Orrin, nani anakukimbiza?"

"Muuaji."

"Mbona kakubebea viatu?"

Alikuwa shemeji yangu Merle Tveit, kaka wa Ardis. Alikuwa ametoka kung'olewa jino, mdomo mzima una ganzi. Koti na kofia alipewa na binti yake. Mlango aliupiga teke kwa sababu mkono wa pili ulikuwa na chupa ya kahawa, na mtaimbo alikuwa ananirudishia, aliuazima tangu Novemba. Aliponiona natoka mbio alidhani nimeona moto, akaacha kahawa, akachukua viatu vyangu, akanifuata.

Tangu siku hiyo sina heshima mjini. Gordy hanisalimu tena. Ananiuliza kama mlango wa nyuma uko wazi. Merle mwenyewe, ganzi ilipoisha, amekuwa akiisimulia kila meza, na hatua zangu mia tatu sasa zimefika elfu moja. "Shemeji," ananiambia watu wakisikia, "ningejua una mbio hizo ningekutafutia mkufunzi." Na mimi siwezi kumjibu, kwa sababu iliyoelezwa kwenye namba 1.

Kwa hiyo naomba sharti la nne lifutwe. Najua wewe hutungi sheria, lakini wawakilishi wetu wanakusikiliza. Yako majimbo ambako mtu husimama palepale alipo na hakuna anayemuuliza habari za mlango. Aliyekwisha kutimiza matatu amefanya kazi ya kutosha. Si haki kumtoa tena kwenye baridi. Nimeambatanisha sahihi kumi na moja za wakazi wanaoniunga mkono. Ya kwanza ni ya Merle, aliyesema mwanamume asilazimishwe kukimbia.

Nisalimie mama watoto, karani wako wa vibali, naibu wa lile gari la doria, na wote wanaokesha kwa ajili yetu. Nabaki raia wako mtiifu, niliyesimama kwa sasa,

Orrin Haugstad

Nyongeza: Ardis alitaka nimsomee barua kabla sijaifunga. Nilipofika namba 5 akaniomba nirudie lile la kuhesabu. Akauliza, "La kwanza lilitimia?" Nikasema ndiyo. "La pili?" Ndiyo. "La tatu?" Nikamweleza habari za jiwe la kunolea, nikasema ndiyo. La nne hakuliuliza. Alichukua kalamu akaikata sahihi ya kaka yake, na mimi nikaikata yangu ya chini ya barua, kwa hiyo kwenye orodha zimebaki kumi, na hao tutawaendea wenyewe kesho tuwaombe wazifute zao. Tafadhali sharti la nne liachwe lilivyo. Sasa hivi Ardis yuko kwenye simu na Merle. Hakuwa na neno la kumwambia, amempigia tu. Merle anaeleza jinsi alivyobadilisha betri ya gari, na mke wangu, ambaye kwa kawaida humkatiza katika dakika ya pili, amevuta kiti anamsikiliza.