Uzinduzi wa Dirisha Moja la Vibali, Kaunti ya Tolliver

Mheshimiwa Jaji wa Kaunti, Mheshimiwa Sherifu, Mchungaji Odom, uliyetuazima ukumbi wa kanisa pamoja na viti, Malkia wa Maonyesho ya Mahindi wa mwaka huu, na wa mwaka jana ambaye bado hajarudisha taji, kina mama mliotuokea pai za njugu za pekani, wauguzi wabobezi wote wa kaunti hii, mlio wawili, wananchi, hamjambo? (Wananchi: "Hatujambo.") Sikusikia, lakini tuendelee.

Mimi, Delbert Huckaby, Mkurugenzi wa Uratibu wa Vibali, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao wengi wamekiri hawajapata kuuona kwa mtu mwingine. (Makofi, hasa ya mkewe, Bibi Wanda, aliye safu ya mbele.)

Ndugu zangu, muuguzi mbobezi akitaka kumwandikia mgonjwa dawa zinazodhibitiwa, kama mofini, sharti kwanza ampate daktari wa kutia saini mkataba wa kushirikiana naye, kisha aipeleke saini jimboni apewe namba ya kibali, kisha aipeleke namba hiyo serikali ya shirikisho apewe namba nyingine, na daktari akistaafu, akifa au akinuna, namba zote zinalala. (Kicheko.) Hali hiyo kitaalamu tunaiita changamoto. Ndiyo maana ofisi yangu, kwa mkakati jumuishi, shirikishi, endelevu na mtambuka, imebuni Dirisha Moja, ambapo muuguzi ataingiza karatasi asubuhi na kuondoka na daktari, namba, na ile namba nyingine, kabla ya chakula cha mchana. (Makofi. Mwanamke mwenye sare ya bluu anasimama, bahasha mkononi.)

Naam, namwona Muuguzi Loretta Stubblefield, mnufaika wetu. Daktari Hollis aliyekuwa akimtilia saini amehamia Florida kuvua samaki, tunamtakia kheri. Keti, dada.

(Loretta: "Sikai, Delbert. Mzee Vernon ana saratani ya mifupa na dawa yake inaisha Ijumaa. Dirisha liko wapi?")

Swali zuri, lenye maslahi mapana ya umma. Liko nyuma ya pazia hili jekundu, na litafunuliwa kwa utaratibu. Kwanza takwimu. Asilimia mia moja ya maombi tuliyopokea yameshughulikiwa, nami nasema hivyo bila woga kwa kuwa hatujapokea hata moja. Muda wa kusubiri umeshuka kwa asilimia themanini, ukilinganisha na makadirio tuliyoyafanya wenyewe. Kaunti tatu jirani zimekuja kujifunza kwetu, zikala, zikaondoka zimeridhika. (Loretta anakuja mbele. Sherifu anainuka kumzuia.)

(Mzee aliye kwenye kiti cha magurudumu: "Mwache apite, Sherifu. Mimi ndiye huyo wa Ijumaa." Sherifu anaketi.)

Mzee Vernon, serikali inayahisi maumivu yako, na imeunda kamati ndogo ya kuyahisi kwa kina zaidi. Sasa wote kwa sauti: Dirisha Moja! (Wananchi: "Lifungue!") Hapana, kwenye kikaratasi mlichogawiwa mlangoni imeandikwa "Huduma papo hapo". Tena: Dirisha Moja! (Wananchi: "Lifungue!")

Basi nimalizie kwa shukrani. Namshukuru fundi Clovis, ambaye angetoboa ukuta huu kama angepata kibali cha kutoboa. Namshukuru afisa wa dirisha, ambaye tutamwajiri dirisha likishakuwepo. Na hilo pazia ni la kwaya, Loretta, usilivute.

(Pazia linaanguka. Nyuma yake ni ukuta wa matofali.)

Kama mnavyoona, jengo hili ni imara.

(Bibi Wanda, bila kuinuka: "Delbert, hizo dawa zako za usingizi, nazo zinadhibitiwa, si Loretta ndiye anayekuandikia?")

Hayo ni mambo ya nyumbani, mke wangu.

(Bibi Wanda: "Chupa ina vidonge vinne. Nimevihesabu leo asubuhi.")

(Mkurugenzi anakunja hotuba na kuitia mfukoni.)

Wananchi, nawashukuru kwa kunisikiliza. Naomba kuuliza jambo moja tu, nje ya ratiba: kuna mtu hapa mwenye namba ya simu ya Daktari Hollis?