Gari Bubu la Nella

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeaibishwa na gari. Tena gari maiti! Lile dogo jeupe lililozama mto Mutambala mwaka juzi. Mimi mwenyewe, Wilfried, fundi wa kwanza wa Baraka, nililifungua, nikalisikiliza, nikatangaza limekufa. Nella akaniomba nimpe. Nella ni yule Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda anayefunga paneli za jua. Nikampa. Nilidhani anataka viti.

Leo nimelala chini ya Ngurumo, gari yangu, nasikia mtu ananisalimia karibu na miguu yangu. Spana ikanipiga meno. Lilikuwa gari lile lile, Nella ndani. Ametia moteri mbili za umeme, batri chini ya sakafu, na analichaji kwa jua. Moshi hakuna. Mlio hakuna. Anafika kama paka. Akaniambia kwa heshima zote: "Haikukufaka, papa. Ilichoka tu."

Watu waliokuwa wanaitazama Ngurumo wakahamia kwake. Ngurumo! Gari ya Marekani, nyekundu, silinda nane, iliyoshushwa kwenye meli kutoka Kalemie na mfanyabiashara wa dhahabu, akaniachia ilipomshinda. Nikiiwasha, soko zima linajua Wilfried yupo. Nella akipita, nani anajua?

Jumanne, 5 Agosti

Mabaya zaidi. Binti yangu Aline anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo na Roger, mwalimu, kijana mzuri asiyejua kufungua hata boneti. Ngurumo nimeshaing'arisha mara tatu kwa ajili ya siku hiyo. Leo tukila, Aline akasema polepole kwamba anataka kwenda kanisani na gari la Nella. "Nataka nisikie bamama banaimba, papa."

Nikamwambia bamama waongeze sauti. Hakucheka. Mke wangu Suzanne aliosha sahani moja kwa muda mrefu sana. Ishara mbaya.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata mpango! Mashindano. Kilometa moja, barabara inayopanda kwenda Fizi. Mshindi ndiye atakayembeba bibi harusi. Bibi harusi hatujamuuliza.

Nella alikataa kwanza, ana kazi. Nikasema mbele ya watu kwamba labda anaogopa. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyemaliza chaki, halafu akakubali.

Sasa akili yangu. Nimedai shahidi apande gari lake, kwa ajili ya haki. Nimemteua Patrice, kiongozi wa kwaya, kilo mia moja na thelathini, bila viatu. Na shahidi wa kwangu? Mimi najulikana, sihitaji.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui niandike vipi ya leo.

Tulipanga mstari. Eugène, fundi baiskeli, akashusha kitambaa. Nikakanyaga. Ngurumo ikaunguruma hadi madirisha ya jirani yakatetemeka. Magurudumu yakachimba shimo, yakatupa mawe nyuma, na mimi nikabaki pale pale katika wingu la vumbi. Nella alikuwa ameshakwenda. Sikuona hata alivyoondoka! Umeme hausubiri moteri ipande mizunguko. Nguvu yote inakuja mara moja, hata na Patrice ndani.

Lakini nikatoka shimoni. Nikaanza kumkaribia. Kweli, nilimkaribia! Nikabadilisha gia, na Ngurumo ikapasua moshi kwenye bomba la nyuma. Pa! Pa!

Pembeni bamama walikuwa wanashuka sokoni na mabeseni ya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Wote wakalala chini. Wote kwa pamoja, kama wameambiwa na mtu mmoja. Mama Marie-Goreth, wa kambini Lusenda, alimfunika mjukuu wake kwa mwili wake, ndagala zikamwagika kwenye vumbi.

Nikasimamisha. Nella naye alisimama kabla ya kufika mwisho, akarudi. Hakuna aliyeshinda. Tulipiga magoti tukaokota ndagala moja moja. Marie-Goreth hakunitukana. Aliificha mikono yake ndani ya kitenge. Heri angenitukana.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa nilikwenda Lusenda kumwomba Marie-Goreth msamaha, na beseni jipya la ndagala. Nilikwenda kwa miguu sehemu ya mwisho, ili Ngurumo isisikike kambini. Alinipa kiti. Akaniuliza bila hasira: "We unapenda hii makelele ya nini, papa?"

Nikasema ni nguvu. Akasema sawa, nguvu ya kufanya nini? Nikanywa maji.

Njiani niliwaza. Mwaka wa tisini na sita nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nililala vile vile katika shamba la mihogo, mama yangu juu yangu, tukisikia milio ya bunduki ikikaribia. Sijamwambia mtu. Hata Suzanne anajua nusu. Labda niliipenda Ngurumo kwa sababu ile kelele ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyeiwasha, mimi ndiye niliyeizima. Sikuwahi kuwaza kwamba anayeisikia kutoka pembeni hana ufunguo.

Jumatano, 13 Agosti

Nella ameniruhusu niendeshe gari lake. Nilikanyaga kidogo tu. Mgongo ukabandikwa kwenye kiti, tumbo likabaki nyuma. Nilipiga kelele mimi, gari likanyamaza. Nella alicheka hadi akafuta macho.

Akanionyesha kwenye simu: huko Marekani, yale magari ya misuli, ndugu za Ngurumo, sasa mengine yanatengenezwa kwa umeme, na yanakimbia kuliko baba zao. Nikamuuliza fundi kama mimi ataishije. Kazi yangu ni masikio. Vali ikiumwa naisikia gari likiwa bado darajani. Gari bubu nitalisikiliza nini?

Akasema niendelee kuendesha, nisikilize. Nikasikiliza. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa linalia, sauti nyembamba, kama mbu. Beringi imekwisha! Nella hakuwa ameisikia. Tukaifungua: imekwisha kweli. Akaniita fundi mbele ya watu wanne. Nimewahesabu.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Aline atakwenda na gari analolitaka. Suzanne aliniongezea samaki.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimemwoza mwanangu. Niliendesha mwenyewe, gari la Nella, polepole. Bamama walitembea pande zote mbili wakiimba, na Marie-Goreth katikati yao, na nilisikia kila neno. Nilisikia gauni la Aline likisuguana na kiti. Nilisikia anapumua haraka, nikamuuliza kama anaogopa. Akasema kidogo. Nikamwambia hata mimi niliogopa siku yangu, nilijificha nyuma ya garage hadi babu yake akaja kunitoa. Akacheka, akaniwekea mkono begani. "Papa, hii ndiyo mara ya kwanza tunaongea mu gari."

Miaka ishirini na miwili nimempakia mtoto huyu. Sikumsikia.

Nimejifunza. Naandika hapa ili nisisahau: sihitaji tena kelele.

Jumapili, 17 Agosti

Balozi wa mtaa ameniuliza leo kwa nini sikuhudhuria harusi ya binti yangu. Sikuhudhuria! Mimi ndiye nilikuwa dereva! Anasema hakusikia nimefika. Na mke wake hivyo hivyo.

Nimewaza sana. Kosa halikuwa la umeme. Kosa ni kwamba watu hawajaandaliwa. Nimeazima spika kubwa ya kwaya kwa Patrice, nikamwambia ni ya maombi. Nimewasha Ngurumo nyuma ya garage na kuirekodi kwenye simu, dakika nne, bila kupumzika. Gari la Nella bado liko kwangu, eti naiangalia ile beringi mpya. Spika imeingia chini ya boneti kana kwamba ilipimwa, kwani huko moteri ya petroli haipo tena.

Marie-Goreth nimemfikiria. Spika ina kitufe cha kupunguza.

Nimemtumia Nella ujumbe kwamba gari limepona na nitalileta mwenyewe Lusenda kesho saa nne, wakati watu wengi wako barabarani. Amenishukuru sana. Amesema nisipomkuta nje, nimpigie honi. Honi ya nini, mama? Utanisikia nikiwa bado Baraka.