Bia Nyeusi ya Bwana Shamba wa Heru Juu

Jumamosi, 7 Agosti 1976
Sijalala kwa furaha! Jana tulikuwa kwa Mama Theodosia, mjane ambaye pombe yake ya ulezi huvuta Heru Juu nzima. Akasema mbele ya watu kwamba mimi, bwana shamba, najua majani tu, mtungi siujui. Wakacheka. Nikapanda juu ya kinu. Nikatangaza kwamba ndani ya wiki mbili nitapika bia nyeusi, nzito, kama ile niliyoonjeshwa na Bruda seremala kule misheni, Kibondo. Siri ninayo: ulezi ukishaota, ukaange mpaka uwe kama kahawa. Bruda alieleza na mengine, ila wakati huo nilikuwa nakunywa.

Jumapili, 8 Agosti
Ulezi umepatikana! Madebe mawili, stoo ya kijiji. Mbegu bora za wakulima wa Kitanga. Ufunguo ninao mimi, kwa hiyo si wizi. Mvua zenyewe bado. Mke wangu Epifania ameuliza mbona naloweka mbegu za serikali. Nimemjibu ni utaalamu.

Jumatano, 11 Agosti
Umeota! Vijimizizi vyeupe, vizuri ajabu. Nikautandaza uani juu ya majani ya migomba. Mara pikipiki. Bwana Makarius, mkubwa wangu kutoka Kasulu! Akauliza hiki ni nini. Ulimi ukajisemea wenyewe kwamba napima uotaji wa mbegu. Akachuchumaa, akahesabu punje mia. Tisini na saba zimeota! Akanipa mkono. Akasema hajaona bwana shamba mwenye bidii hivi, na kwamba Ijumaa ya wiki ijayo atakuja kuchukua mbegu za Kitanga. Nilicheka mpaka alipopita kona. Halafu nikakaa chini.

Jumamosi, 14 Agosti
Nimekaanga zote, mpaka punje ya mwisho. Moshi! Majirani wamekuja mbio na ndoo za maji. Nimesaga, nimechemsha, nimejaza mtungi. Weusi wake unatisha. Nimeimba.

Jumatatu, 16 Agosti
Hakuna povu. Nimeweka sikio mtungini: kimya. Nimeonja: maji ya jivu. Nimeubembeleza mtungi kwa maneno matamu. Epifania alikuwa mlangoni, amesikia yote.

Jumanne, 17 Agosti
Nimekwenda kwa Mama Theodosia. Kwanza nilizunguka nyumba yake mara mbili. Akaja kwangu, akanusa mtungi, akauliza nimekaanga kiasi gani. Nikasema zote.
“Zote?” Akajishika mbavu. “Mwanangu, kimea, huo ulezi ulioota, ukikiunguza kinakufa. Cha kukaanga ni kidogo tu, cha kutia rangi. Kinachopika pombe ni kile kilicho hai.”
Akapasha uji wangu mpaka ukawa vuguvugu, akatia kapu la kimea chake na machicha ya pombe yake ya kuchachushia. Kisha akauliza ulezi niliutoa wapi. Nikamweleza. Kicheko kikamwisha.

Ijumaa, 20 Agosti
Imeamka! Povu limeinua kifuniko! Nyeusi, chungu kidogo, utamu unakuja nyuma. Watu wamekunywa wamesimama, hawakungoja viti. Saa sita, pikipiki. Nikatunga homa, nikatunga msiba, vyote vikakataa kutoka mdomoni. Ndipo nikamwona Mama Theodosia anakuja na debe la ulezi kichwani. Nyuma yake Epifania, na debe jingine! Mama akamwambia Bwana Makarius kwamba stoo ina panya, hivyo mbegu zilikaa ghalani kwake. Bwana Makarius akashukuru. Akapewa kikombe. Akaomba cha pili. Akauliza fundi ni nani. Nikafungua mdomo.
“Mama Theodosia!” wakajibu wote.

Jumatatu, 23 Agosti
Fidia ya mbegu: wiki tatu namsagia Mama Theodosia ulezi kwenye jiwe. Wanawake wanakuja kutazama mwanamume anavyosaga. Wengine wamekuja na watoto. Epifania ananisahihisha mkono. Si kitu! Bila mimi yule mama angeijulia wapi bia nyeusi?
Mchana Bwana Makarius ameleta magunia mawili ya mbegu za alizeti. Amesema mtu mwaminifu kama mimi ni adimu. Nikakumbuka kwamba mafuta ya kupikia nayo ni adimu, Kasulu nzima. Kukamua mafuta si kazi ngumu, nadhani. Gunia moja nimelitoa uani, lipate jua kidogo.